Blanketi ya Pointi

Jumatatu, mwezi wa Novemba, 1998. Meru mjini. Mvua tangu alfajiri, na haina haraka ya kwisha.

Wacha nianze na bahati yangu, maana mtu asiyejisifu akiwa hai anangoja kusifiwa kwa matanga, na hapo sifa zote zinaliwa na pilau. Mimi Kirimi ndiye mtu wa kwanza katika mji huu kupewa blanketi bure na benki. Bure kabisa, sikutoa hata senti. Blanketi nyekundu, nzito kama ng'ombe aliyelala, maua pembeni. Wengine benki inawaandikia barua za vitisho. Mimi inanifunika. Tangu nizaliwe bahati inanifuata nyuma kama mbwa aliyenusa nyama kwenye mfuko.

Hiyo ndiyo habari nzuri.

Sasa ni saa nne asubuhi, siku ya kazi, pikapu yangu iko nje inanyeshewa, kuna mtu wa mbao ananingoja, na mimi nimeketi hapa na daftari kama msichana wa bweni. Nimechemsha chai, nikaisahau, ikapoa, nikaichemsha tena. Nimefungua redio nikaifunga kabla mtangazaji hajamaliza salamu. Nimefagia. Mimi, kufagia! Kiti hiki leo kina misumari.

Wawira hayuko.

Wawira ni bibi yangu. Ni mtu wa Runyenjes, upande wa Embu, na huko jina lake ni jina la mtu anayependa kazi. Waliompa hawakukosea. Anauza nafaka hapa soko la Gakoromone: maharagwe, njahi, ndengu, mahindi. Huu mwezi ameenda kwao na mtoto wetu Kendi, na jana nilienda kumrudisha. Nilienda na ile blanketi. Nimerudi bila blanketi na bila bibi.

Niandike vile ilivyokuwa, labda nitulie.

Kazi yangu ni kubeba mizigo, Meru mpaka Embu na kurudi: viazi, mbao, vitanda vya maharusi, mara moja hata kengele ya kanisa. Nimefika Moyale, nimefika Busia, nimevuka Likoni nikala pweza, mimi mtu wa milimani, na sikutapika. Shule niliacha kidato cha pili, lakini barabara ni chuo kikuu na kwa mambo ya kona mimi ni profesa. Kwa hivyo yule mtu wa benki mwenye tai alipokuja kutafuta wafanyabiashara wa kupewa kadi za mkopo, sikushangaa alipofika kwangu. Nilishangaa tu kwamba amechelewa.

Kadi yenyewe ni hivi. Unanunua leo, unalipa mwisho wa mwezi. Na kila shilingi mia unayotumia, benki inakuandikia pointi moja. Pointi zikijaa, unachagua zawadi kwa kitabu cha picha: chupa ya chai, pasi, sufuria, blanketi, baiskeli, na ukurasa wa mwisho kabisa, televisheni. Hicho kitabu nilikisoma kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote. Nilikiweka juu ya dashibodi.

Na raha ya kuitumia! Pale supamaketi wana mashine ya kukwaruza. Dada wa kaunta anaweka kadi, anaweka karatasi, anasukuma, chwaap! Ukinunua vitu vingi anapiga simu Nairobi kuuliza kama wewe ni mtu wa kuaminika. Foleni nzima inasimama. Nyuma yangu kuna mama na mkate wake mmoja, anapumua kwa pua. Halafu Nairobi inajibu: ndiyo, Kirimi ni mtu mzuri. Jamani! Hata padri hajawahi kunisema hivyo mbele ya watu.

Lakini Meru hii kadi inakubalika wapi? Pale penye petroli na pale supamaketi. Basi. Kwa mwenye posho mill anayetusagia unga, hapana. Kwa mchinjaji, hapana. Nikaanza kununua kile kinachouzwa pale penye mashine, hata kama sikihitaji. Rangi ya viatu, mikebe kwa mikebe. Dawa ya mbu, na baridi hii ya kwetu mbu akija anaomba koti. Chakula cha asubuhi cha boksi, kile kinacholia kama majani makavu mdomoni. Vingi niligawia majirani. Watoto wa mtaa huu wote wanaenda shule viatu vikimeta, na ni mimi.

Halafu nikanunua maharagwe.

Nimeandika hiyo mistari nikaenda mlangoni kuangalia mvua. Iko pale pale.

Ndiyo, maharagwe. Kwenye pakiti za nailoni, kilo moja moja, imeandikwa kwa herufi kubwa MAHARAGWE, kana kwamba mtu hawezi kuona. Nilihitaji kujaza pointi, na nyumba nayo inahitaji maharagwe. Kichwa changu kiliona hesabu imekubali. Wawira akarudi kutoka sokoni jioni, gunia lake mgongoni bado nusu, akakuta pakiti zimepangwa mezani.

"Baba Kendi, haya ni nini?"

"Maharagwe."

"Naona ni maharagwe. Yametoka wapi?"

"Supamaketi. Haya yana pointi."

Akachukua pakiti moja, akaigeuza, akaitingisha karibu na sikio.

"Haya yana pointi," akasema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Na yangu yana nini?"

Hapo mtu mwenye akili anaomba msamaha. Mimi Mungu alinipa mdomo kabla ya akili, na sijui kama ile ya pili iliwahi kufika. Nikasema, "Yako yana mawe, mama Kendi! Ya kwako lazima mtu akae chini achague."

Nikacheka peke yangu.

Kesho yake wanawake wa soko walikuwa wamejua, maana supamaketi ina madirisha makubwa na mimi siyo mtu wa kununua kwa kujificha. Jirani yake wa sokoni akamuuliza mbele ya wateja, "Kumbe hata bwanako hali maharagwe yako?" Mteja aliyekuwa ameshafungua kiondo akakifunga. Hiyo nilisikia baadaye. Nilichokiona mimi ni Wawira akifunga nguo za Kendi kwenye leso, hasemi kitu. Wawira akisema, kuna tumaini. Akinyamaza, tafuta mwavuli.

Wiki iliyopita mama yake akatuma maneno kupitia mtu wa viazi: Kirimi aje, na aje na blanketi yangu, ndipo tutaongea.

Hapo nieleze, hata kama naandika peke yangu. Kwetu huku, Meru na Embu, mahari haina mwisho, lakini kuna vitu ambavyo mtu haruki. Kimoja ni blanketi ya mama mkwe. Aliyembeba binti mgongoni lazima afunikwe na yule anayemchukua. Mimi nilileta mbuzi, nikaleta asali, blanketi nikasema iko njiani. Imekuwa njiani tangu kabla Kendi hajazaliwa. Nilikuwa naifanyia mzaha: "Mama, blanketi imefika Chuka, imepata pancha." Na yeye alikuwa anacheka. Nilidhani anacheka.

Ijumaa nikaenda benki na kitabu changu cha picha. Nikaongea na msichana wa kaunta, tukaelewana. Jumamosi nilikuwa na blanketi. Hayo yanatosha.

Jana nikaoga vizuri, nikavaa koti, nikashuka. Milima ya Chuka ilikuwa imejifunga ukungu. Kila nikiweka gia nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno: nimekosa, mama, nimekosa, mzee, nimekosa, Wawira. Ni maneno mafupi lakini mdomo wangu haujazoea umbo lake.

Nikafika nikakuta Njeru ameshafika. Njeru ni mwanyumba wangu, yeye alioa Marigu, dada mkubwa wa Wawira. Ni karani Embu mjini, mtu wa kukunja leso mara nne kabla ya kujifuta jasho. Na yeye ana kadi ya mkopo! Ya benki nyingine, haina pointi wala picha. Yake inarudisha pesa: ukitumia mia, mwisho wa mwaka unarudishiwa shilingi. Akiitaja anashusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa wa familia.

Baba mkwe, Mzee Ireri, alikuwa amekaa karibu na moto na kikombe cha uji. Akasema, "Nasikia nina wakwe wawili wenye kadi. Hebu nielezeni. Mnapewa nini?"

Basi sisi tukaanza kama jogoo wawili.

"Mwanyumba," Njeru akasema, "pointi zako ni pesa iliyokatwa miguu. Yangu inarudi nyumbani ikitembea."

"Inarudi ikichechemea! Shilingi moja kwa mia? Hiyo si pesa, bwana, hiyo ni salamu."

"Salamu inanunua sukari. Pointi nenda nayo dukani uone."

"Sukari! Mimi nitakuja hapa na televisheni, wewe utakuja na kijiko."

Mzee alituangalia, huyu, halafu huyu. Ana mashamba ya chai na kahawa, na hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumdanganya mara mbili.

"Hiyo ya Njeru naijua," akasema. "Ni bonasi ya majani chai. Wanakaa na pesa yako mwaka mzima, halafu siku moja wanakurudishia kidogo, na wewe unachinja kuku kuwashukuru."

"Na yangu, Mzee?"

"Yako ni mbuzi ya mahari. Ile ya kuahidiwa. Wazee wanaihesabu, watu wanapiga makofi, lakini hakuna mtu aliyewahi kuisikia ikilia."

Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nikasikia kicheko kimoja kutoka mlangoni. Wawira alikuwa amesimama pale na sahani ya mukimo, na alikuwa anacheka, meno yote, kama zamani.

Ningenyamaza hapo. Ningekula mukimo yangu, ningesema yale maneno mafupi niliyofanyia mazoezi njia nzima.

Lakini mtu kama mimi akisikia kicheko hawezi kukiacha kiende hivi hivi, anakifukuza apate kingine. Nikaruka mpaka kwa pikapu, nikarudi na blanketi, nikaikunjua katikati ya nyumba kama bendera.

"Basi Mzee, leo mtaisikia mbuzi ikilia! Blanketi ya mama hii hapa. Ya pointi! Sikutoa hata senti moja. Ni ya bure!"

Mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alikuwa ameshaishika, ameweka kona moja shavuni, macho amefumba. Nikaona mkono wake unaiachilia.

"Ya bure?" akauliza.

"Bure kabisa, Mama. Benki ndiyo imenipa."

  Mzee Ireri akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo blanketi ya mama imeletwa na benki."

"Ndiyo, Mzee," nikasema, bado natabasamu kama punda.

"Haya. Tuishukuru benki. Siku ikija yenyewe kuoa, tutaipa msichana."

Njeru hakucheka. Aliangalia viatu vyake. Mtu akipata nafasi ya kukucheka akaangalia viatu, ujue umeanguka vibaya.

Mama mkwe akaikunja ile blanketi vizuri, ncha kwa ncha, akaiweka kwenye kiti cha wageni. "Mwanangu," akaniambia, na hakuwa na hasira, hiyo ndiyo mbaya, "kitu cha bure tunafunika nacho mgeni. Huyu Wawira nilimbeba mgongoni, nikapalilia naye, nikachuma chai naye. Sikumbeba bure."

Nilikula. Sijui nilikula nini.

Wawira alinisindikiza mpaka kwa pikapu. Kendi alikuwa amelala begani mwake, mkono mmoja umening'inia. Mvua ilikuwa inaanza.

"Ungeleta hata gunia," akasema. "Gunia ulilonunua. Ningepanda gari saa hii." Halafu akamweka Kendi vizuri begani. "Maharagwe yangu yana mawe. Blanketi ya mama ni ya bure. Sasa niambie, Baba Kendi, kwetu kuna kitu gani ambacho wewe unaona kina bei?"

Nilitafuta mzaha. Nakwambia kweli, nilipapasa kila mahali, kama mtu anayetafuta funguo gizani, nikaukosa. Na lile neno moja la kusema lilikuwa limekaa kwa ulimi, na sikulitoa. Nikawasha gari.

Njeru akaja kwa dirisha la upande wa pili, akaingiza kichwa. "Mwanyumba, mimi hiyo pesa yangu ya mwaka ilitosha sukari kilo mbili tu. Ndiyo nilileta leo." Akarudi ndani haraka asilowe. Alitaka kunifariji, masikini, na akaniongezea mzigo.

Maana nimeiwaza hiyo sukari tangu Chuka mpaka hapa. Kwa hizi kadi mbili, nikiwa mtu wa haki, ya Njeru ni afadhali. Siyo kwa sababu ya wingi. Ni salamu tu, nilishasema, na benki inamkata ada ya kadi kila mwaka ambayo nadhani inakula salamu na mwenye kusalimiwa. Lakini ile pesa ikirudi inakuwa pesa. Haina jina la mtu. Njeru akinunua nayo sukari, ni sukari ya Njeru, Mama anaipokea kwa mikono miwili na hakuna mtu anauliza ilitoka wapi. Pointi zina jina la benki mpaka siku ya mwisho. Ni kama kuvaa koti la mtu: hata likikukaa, watu wanamtaja mwenyewe.

Na nyongeza ya Wawira? Anajaza gorogoro, mkebe wake wa kupimia, mpaka inafanya kilima, anaimimina kwa kiondo chako, halafu anachota konzi nyingine kwa mkono wake anakuongezea, na hajakuuliza jina. Hakuna kitabu. Hangoji mwisho wa mwaka. Miaka yote hii nimelala nyumba moja na mtu mwenye kadi bora kuliko zote Kenya, na mimi nikaenda kupanga foleni kwa mwingine.

Maharagwe yake hayana mawe, kwanza. Anayachagua usiku na taa ya chemni. Nimemwona.

Mvua imepungua. Yule mtu wa mbao amekuja, amepiga honi ya baiskeli, nimemwambia leo sibebi. Akaniuliza kama nimegonjeka. Nikamwambia ndiyo.

Naenda Runyenjes. Siendi wiki ijayo, siendi Jumapili. Nitaenda leo, nisimame mbele ya Mzee Ireri na Mama, na Wawira awepo, na nitasema neno lile ambalo hata wewe daftari sijakuambia. Wataniita mwongo, na watakuwa na haki. Mzee atatafuta kitu cha kusema na kitauma mpaka Krismasi. Lakini nafanya mazoezi hapa kwanza, maana jana njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno yasiyo yenyewe, na ona.

Msichana wa benki alihesabu pointi zangu akaniambia zinatosha kikombe na kalamu. Kalamu ndiyo hii naandikia. Nikatoka pale nimevimba kwa hasira, nikaingia duka la blanketi karibu na soko, ambalo halina mashine wala simu ya Nairobi, nikatoa pesa ya mizigo ya wiki mbili, noti kwa noti, na hata pointi moja sikupata.

Hakuna blanketi ya bure. Benki haikunipa kitu.

Blanketi niliinunua mimi.